Picha ya jamaa nayo ibishiwe hodi

Shangazi yangu aliuza mahamri na mbaazi barazani kwake, Mji wa Kale, Mombasa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyetulea na ndiye aliyetusomesha. Alfajiri, kabla watu hawajatoka msikitini, karai lake lilikuwa limekwisha injikwa na harufu ya iliki imeenea kichochoro kizima.

Siku moja alikuja kijana na kamera shingoni. Akala mahamri mawili, akasifu, kisha akasema, "Mama, naomba picha moja." Shangazi akacheka, akajitanda leso yake vizuri, akapigwa. Kijana akalipa pesa za mahamri akaenda zake. Mambo yakaishia hapo, au ndivyo tulivyodhani.

Ilipopita miezi minne, ami yangu, nduguye shangazi, alirudi nyumbani kutoka Likoni uso umemkunjana. Kando ya barabara iendayo kivukoni alikuwa amemwona dada yake juu ya bango, mkubwa kama ghorofa moja, anatangaza mafuta ya kupikia. Wala hakuwa peke yake. Kuliani kwake alisimama bwana mmoja nadhifu wa shati jeupe, mkono wake juu ya bega la shangazi. Mbele yao walikaa watoto wawili, mvulana na msichana, meno nje. Chini yaliandikwa maneno ya kuisifu familia ya Mwambao na mafuta yake.

Sasa, ndugu msomaji, shangazi yangu ni mjane. Watoto aliowalea ni sita, na hakumzaa hata mmoja. Yule bwana hatumjui. Wale watoto hatuwajui. Na mafuta yale hakupata kuyatia karaini mwake hata siku moja. Ami alipaza sauti, akataja haramu na aibu. Vijana wa mtaani wakataka kwenda kulipasua bango usiku. Shangazi mwenyewe alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema neno moja ambalo mpaka leo halijanitoka masikioni: "Wameniozesha bila ya mahari."

Kisa hiki hunijia kila nisikiapo watu wa sanaa wakisifu mtindo wa kuwatukuza watu wa kawaida kwa picha kubwa za hadharani. Badala ya wafalme na wanasiasa, wasema, na tuzitandaze kwenye kuta, mabango na viwanja vya miji picha za familia za mitaani: mama muuza mboga, baba fundi cherehani, nyanya na wajukuu zake. Wazo lenyewe ni zuri, na mimi si mtu wa kulikataa. Maskini naye ana heshima yake, na miji yetu imejaa nyuso za watu wanaoomba kura na nyuso za watu wanaouza sabuni. Lakini sisi watu wa Pwani, na hasa sisi Waislamu, tuna neno la kusema kabla kuta zetu hazijapakwa gundi. Neno lenyewe ni hili: picha ya aila ni kama nyumba ya aila. Haiingiwi ila kwa hodi.

Familia ya tangazo

Tangazo halikuanza jana kuitumia familia. Katika stesheni kuu ya garimoshi mjini New York, iitwayo Grand Central, kampuni ya Kodak ilitundika picha moja kubwa mno, upana wake futi 60 na kimo chake futi 18. Ilikaa pale tangu mwaka 1950 hadi 1990. Ilikuwa ikibadilishwa kila baada ya wiki kadha, na katika miaka hiyo 40 zilipita picha 565. Wasafiri waliona baba, mama na watoto wakicheza kwenye theluji, wakipumzika ufukoni, wakila karamu bustanini, na mara nyingi mmoja wao ameshika kamera mkononi. Watu walizipenda picha zile, na wengi walisimama kuzitazama.

Hata hivyo furaha ile ilikuwa imepangwa na mpiga picha, kila mtu mahali pake. Na kwa miaka mingi ya mwanzo nyuso zile zilikuwa karibu zote za Wazungu, katika mji wenye watu wa kila rangi. Kazi ya picha ilikuwa kuuza filamu na kamera. Familia ilikuwa chambo tu, na samaki ni yule apitaye na mfuko wake.

Tazama mabango ya kwetu, utaona watoto wa ukoo huohuo. Baba mmoja, mama mmoja, mvulana, msichana, sebule yenye makochi na jokofu nyuma yao. Bibi hayumo. Shangazi hayumo. Mjomba aliye Arabuni, anayetuma fedha za karo kila mwezi, hayumo. Yatima aliyechukuliwa akalelewa pamoja na wenziwe hayumo, wala hayumo mke wa ndugu aliyerudi kwao na watoto watatu baada ya kufiwa. Yaani hayumo hata mmoja wa watu ambao kwao nyumba ya Kiswahili husimama. Ndiyo sababu waliompandisha shangazi yangu juu ya bango iliwabidi wamtafutie mume na watoto. Jinsi alivyokuwa, mjane mwenye watoto sita wa ndugu zake, hakuwatosha. Hakufanana na familia.

Hilo ndilo lililomchoma kuliko uso wake kuonekana. Kwamba aila yake halisi, aliyoijenga kwa moto na unga, ilifutwa, akapewa ya kuazima.

Familia moja kati ya 372

Swali la familia ya kawaida ni ipi limeulizwa na wengine pia, na mmoja wao ni msanii wa Kiingereza, Gillian Wearing, mzaliwa wa Birmingham, aliyepata tuzo ya Turner mwaka 1997. Yeye pamoja na nyumba ya sanaa ya Ikon ya mji ule waliwaalika watu wa Birmingham wajitokeze, ichaguliwe familia moja ya kweli ifanyiwe sanamu ya shaba katikati ya mji. Zilijitokeza familia 372. Jopo likachagua, na tarehe 30 Oktoba 2014 sanamu ikafunuliwa mbele ya maktaba kuu.

Waliosimamishwa pale ni ndugu wawili, dada na dada, kila mmoja akilea mwanawe wa kiume bila ya mume, na watoto wao wawili wamewashika mikono. Mmoja wa kina mama wale alikuwa mjamzito, na mimba yake yaonekana katika shaba. Kazi nzima iligharimu kiasi cha pauni 100,000.

Hapana haja ya kueleza kuwa kelele zilizuka. Wako waliofurahi kwa kuwa hatimaye wamewaona watu kama wao mahali ambapo kwa desturi husimamishwa majemadari. Wako waliouliza: baba yuko wapi? Mtu mmoja aliyekuwa akipigania haki za kina baba alikwenda akaifunika sanamu ile kwa shuka, akabandika juu yake picha za familia yake mwenyewe.

Huenda msomaji wa Lamu au Malindi akasema, hayo ni yao, yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, karibu watu 30 katika kila 100 wa Birmingham ni Waislamu, na yale waliyokuwa wakibishania wenzetu kule ndiyo haya tutakayobishania sisi. Kuhusu sanamu yenyewe sitasema mengi. Maoni ya wanavyuoni wetu juu ya masanamu ya viumbe yajulikana, na wala sidhani kuna mtu wa Pwani atakayetaka mama yake asimamishwe uwanjani akitazamwa na njiwa.

Lakini tuwape haki yao kwa mambo mawili. La kwanza, wale kina mama walijitokeza wenyewe kwa hiari, wakajua wanakwenda wapi. La pili, hawakupewa mume wa kuazima. Walionyeshwa jinsi walivyo, na mji ukaambiwa: hawa nao ni watu wa nyumba moja. Ninapomfikiria shangazi yangu na wale watoto sita, siwezi kulidharau jambo hilo.

Kasoro yao naiona mahali pengine. Kati ya familia 372, moja ilipanda juu na 371 zikarudi nyumbani. Na ile moja ikatwikwa mzigo wa kuwawakilisha watu zaidi ya milioni moja. Hakuna nyumba iwezayo kuubeba mzigo huo, na ndiyo sababu yule bwana alikwenda na shuka lake.

Macho juu ya mabati

Mfano wa pili uko karibu nasi, na umetokea papa hapa Kenya. Mwezi wa Januari mwaka 2009 msanii wa Kifaransa ajulikanaye kwa herufi mbili tu, JR, alikuja Kibera, Nairobi. Kibera si mahali pageni kwa Waislamu. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na wakazi wa kwanza walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao. Na reli ipitayo pale ndiyo ile iliyoanza kujengwa hapa kwetu Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901.

JR aliwapiga picha wanawake wa Kibera, zikakuzwa, zikatandazwa juu ya mapaa ya mabati kiasi cha mita 2,000 za mraba. Picha zilikuwa za macho na nyuso. Jambo la busara ni kuwa hazikuchapwa kwenye karatasi bali kwenye plastiki isiyopitisha maji. Mvua iliponyesha, paa lililokuwa likivuja lilikuwa limepata turubai. Kadhalika macho ya kina mama wengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya garimoshi, na sehemu ya chini ya nyuso zao, pua na midomo, ikabandikwa kwenye mabati mtelemkoni chini ya reli. Garimoshi lilipopita, kwa dakika kidogo macho yalikutana na midomo, na uso ukatimia.

Yeye pia hakukubali fedha za makampuni ili watie alama zao juu ya picha. Gharama huzilipa kwa kuuza nakala za kazi zake. Kwa hivyo mwanamke wa Kibera hakumuuzia mtu sabuni wala mafuta. Alionekana kwa ajili ya kuonekana, na juu yake akapata kitu cha kumfaa nyumbani.

Mtu muadilifu hataisahau kasoro ya upande huu pia. Macho makubwa juu ya paa huonekana vyema na aliye kilimani au angani, si na alalaye chini ya bati lile. Na jina la msanii lilizunguka dunia, ilhali majina ya kina mama hayakufuatana nalo kwa kiasi hichohicho. Lakini kati ya bango la mafuta na bati la Kibera tofauti ni kubwa. Moja limechukua bila ya kuuliza. Jingine limeomba, likaacha kitu.

Hapa sina budi kumalizia habari ya bango letu. Lilipoondolewa, plastiki yake iliuzwa kama turubai kuukuu. Kijana mmoja wa mtaani alikuja kutuambia kuwa ameliona likifunika magunia ya makaa, uso wa shangazi umekunjwa kati, yule bwana wa shati jeupe ametokeza mkono tu. Plastiki ni ileile. Kule Kibera ilimsitiri mwenyewe, huku kwetu ilisitiri makaa ya mtu mwingine.

Stara na hodi

Sasa tuje kwenye mambo yetu. Katika Uislamu habari ya picha ni habari ya khitilafu, na si kazi ya mwandishi wa gazeti kutoa fatwa. Wako wanavyuoni waizuiao picha ya kila chenye roho. Wako waitofautishao sanamu yenye kivuli na picha ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mapema katika karne ya 20, aliandika risala nzima akiijuzisha picha ya kamera kwa hoja kuwa ni kuzuia kivuli tu, si kuumba. Kila mtu ana sheikh wake, na amuulize.

Ila liko jambo ambalo halina khitilafu, nalo ni ruhusa. Surat an-Nur imetufundisha tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tutake idhini na kuwaamkia wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Mila yetu ikaitia adabu hiyo katika neno dogo: hodi. Mtoto wa Pwani hulijua kabla hajajua kuhesabu. Na nyumba zetu zilijengwa kwa adabu hiyohiyo. Mgeni hukaribishwa barazani, kisha huingia ukumbini, na ndani kabisa hafiki ila mtu wa nyumbani. Kila hatua ina ruhusa yake.

Basi yule kijana wa kamera alibisha hodi ya baraza, akaingia mpaka ndani. Shangazi alimruhusu picha moja, kama mtu anavyomruhusu mpita njia akae barazani kupumzika. Hakumruhusu kumpandisha juu ya barabara, wala kumtafutia mume. Watu wa biashara hupenda kusema: "Lakini alikubali kupigwa." Jibu letu liwe: ruhusa ya baraza si ruhusa ya chumbani.

Sheria ya nchi nayo iko upande wetu kuliko wengi wajuavyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yahesabu uso wa mtu kuwa ni mali ya habari zake, na mwaka 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Wakati wa kisa cha shangazi sisi hatukuwa na la kushika. Ami alikwenda kuuliza, akajibiwa kuwa picha imenunuliwa kihalali kwa mpiga picha. Leo angekwenda na karatasi.

Aila bila ya uso

Wengine watasema: basi tukae kimya, kuta zetu zibaki tupu, tusahauliwe. Wengine watasema: mbona watoto wetu wenyewe hujianika kwenye simu usiku na mchana? La pili ni kweli, na ni msiba wa peke yake, lakini kosa la mtoto halimpi mgeni ruhusa ya kuingia. La kwanza ndilo linalotaka jibu.

Jibu ni kwamba Pwani haikungoja wasanii wa ng'ambo kuitukuza aila hadharani. Tumekuwa na sanaa hiyo kwa muda mrefu, na haikumwanika mtu. Itazame leso. Katika karne ya 19 kina mama wa mwambao walianza kuziunga pamoja leso ndogondogo za Kireno wakapata nguo moja ya kuvaa. Kisha zikaja zenye pindo na mji wake, na mwanzoni mwa karne ya 20 zikatiwa jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Jina la leso husema yote: shukrani kwa mama, kijembe kwa jirani, upole kwa mume, wasia kwa mwana. Mwanamke hulivaa akapita barabarani, na mtaa mzima husoma habari za nyumba yake wala uso wake haukutundikwa popote. Lipi bango lililo bora kuliko hilo?

Utazame mlango. Nyumba za Lamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, zina milango ya nakshi iliyomtangaza mwenye nyumba kwa kila apitaye. Maua yake, minyororo yake, na pengine maandishi juu ya kizingiti, vilieleza daraja na dua ya watu waliokaa ndani. Lakini mlango ulipofungwa ulifungwa. Ulitangaza na kusitiri kwa wakati mmoja.

Hata kamera ilipofika, wenyeji waliitia adabu. Mjini Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa na studio yake akiunganisha picha kwa mkasi na gundi. Humo mtu angeweza kuonekana pamoja na kitu au mahali asipokuwapo. Hiyo nayo ilikuwa picha ya kuunga, sawa na ile ya bango. Tofauti ni kwamba mtu alikwenda studio kwa miguu yake kutengenezewa ndoto yake mwenyewe, akalipa, akaichukua kwake. Hakutengenezewa ndoto ya mwenye duka.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Ikitokea baraza la mji, kampuni au chama cha sanaa kutaka kuzisifu familia za mitaa yetu juu ya kuta za Mombasa, Malindi au Lamu, wasije na kamera kwanza. Waje na hodi. Wakae barazani na wazee na kina mama wa mtaa, waulize nyumba gani zataka kuonekana na kwa namna gani. Anayetaka uso wake uonekane na asionewe haya, kwani wako, na ni haki yao. Asiyetaka aonyeshwe kwa kazi yake, kwa leso yake, kwa mlango wake, kwa mikono ya fundi, kwa jahazi alilolijenga babu yake. Ruhusa iandikwe kwa lugha anayoisoma mwenyewe, itaje ukuta gani na kwa muda gani. Asiongezwe mtu asiyekuwa wa nyumba ile, wala asipunguzwe aliye wake. Na kama yapo malipo, yaanze kwa mwenye picha kabla ya kufika kwa mwenye ukuta. Picha isiyoweza kutimiza hayo ni afadhali isitundikwe.

Hapo sanaa ya hadharani itakuwa heshima, na watoto wetu watapita barabarani wakiona kuwa nyumba ya bibi na wajukuu, au ya mjane na mayatima, ni nyumba kamili kama nyumba nyingine. Wanalihitaji jambo hilo. Mimi nilipokuwa mdogo nililihitaji. Kila nilipochora familia yetu shuleni, mwalimu aliniuliza baba yuko wapi, nami sikuwa na jibu ila kumchora shangazi mkubwa zaidi.

Shangazi sasa ni mtu mzima sana na hauzi tena mahamri. Juzi nilikaa naye barazani nikamuuliza: lau yule kijana angalirudi akamweleza kila kitu, angalikubali? Nilitazamia aseme la. Alifikiri, akazitazama kiganja kwa kiganja zile alama za mafuta ya moto.

"Wangaliniuliza," akasema, "ningaliwaambia waupige picha mkono wangu na karai langu. Na nyinyi sita mmekaa mkingoja."